Nusu ya Uji wa Baba

Baba alifundisha madrasa hapo kwetu Gongo la Mboto mpaka uzeeni, na kisa alichokipenda kuliko vyote ni cha khalifa wa nne, alipopigwa msikitini kwa upanga uliopakwa sumu. Muuaji kakamatwa, kafungwa kamba. Khalifa yuko kitandani, analetewa maziwa, anakunywa kidogo, anasema yaliyobaki apewe mateka. Nikipona, anawaambia wanawe, nitajua mwenyewe kusamehe au kulipiza. Nikifa, pigo moja kwa pigo moja, na msimkatekate. Mie nilikuwa nikifagia baraza huku nasikiliza, nikisema moyoni kwamba hayo ni ya watu wa zamani, wasio na majirani kama wetu.

Maana jirani yetu alikuwa shughuli. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na kiwanja chake kiko juu kidogo ya chetu. Kila masika anapanga viroba vya mchanga mpakani, maji yote yanateremkia madrasa, mikeka inaelea. Masika haya baba alichoka, akatoka na mwavuli wake kwenda kuviondoa kwa mkono. Wakatupiana maneno, jirani akanyanyua chepe, akampiga nalo kichwani.

Mtaa ungemmaliza palepale, kama baba asingekuwa anapiga kelele kutoka kwenye tope: "Mwacheni! Mpelekeni polisi!" Nilimkasirikia baba kwa hilo, nasema kweli.

Hospitali hakuweza kumeza kigumu, nikawa nampelekea uji wa mchele kwenye chupa ya chai. Mara ya kwanza alikunywa nusu, akanirudishia chupa.

"Hii mpelekee."

"Nani?"

"Unamjua. Mkewe kakimbia na watoto, anaogopa mtaa. Nani atampelekea chakula?"

"Baba, mie nimekupikia wewe."

"Ndo nimeshakula changu. Sikiliza mwanangu. Nikipona, nimemsamehe. Nikifa..."

Hapo nesi akaingia na kitanda cha magurudumu, wakampeleka kupigwa picha ya kichwa. Aliporudi alikuwa hasemi tena. Macho yapo, ulimi umelala.

Nikaenda kituoni nimenuna. Askari wa kaunta akafungua chupa, akanisukumia kijiko.

"Onja kwanza, sista."

Ndio utaratibu, anayemletea mahabusu chakula lazima aonje, isije ikawa ana lake. Nikaonja. Nikawa nimekula chakula kimoja na mtu aliyempasua baba yangu kichwa.

Nikamwambia askari kwamba mzee amesema akipona amemsamehe, sasa inakuwaje?

"Hii kesi ya Jamhuri, sista, siyo ya mzee. Nyie ombeni apone tu."

Jirani akaletwa. Kabla hajagusa chupa aliuliza, "Ustadhi kala?"

"Kala."

Ndipo akanywa. Basi ikawa hivyo kila siku. Asubuhi uji wa baba unapita kwenye mpira wa puani, kisha nabeba nusu nyingine kituoni, naonja, naulizwa kama ustadhi kala, najibu. Jioni baba ananitazama na kuinua nyusi, nami najua anauliza nini. "Kala, baba," namwambia, naye anafumba macho. Nilimchukia yule mtu na nilikuwa nampikia. Kama kuna njia ya kuacha kimojawapo, mie sikuiona.

Jioni moja nilijikaza nikamwinamia baba sikioni. "Ulisema ukifa. Ukifa, tufanyeje?" Alinitazama kwa muda mrefu, midomo ikicheza bila sauti, mpaka machozi yakamtoka. Nikayafuta kwa ncha ya mtandio. Sikuuliza tena, ingekuwa ni kumtesa.

Alifariki Alhamisi alfajiri, tukamzika baada ya adhuhuri. Siku ya hitima, wageni walipokuwa bado wamekaa kwenye mikeka, nilijaza pilau kwenye hotpoti, nikatoka kwa mlango wa uani. Shangazi aliniona akaniuliza ninampelekea nani. Nikashika njia ya kituoni.

Askari alikuwa na habari. Kesi ilikuwa imeshageuka ya mauaji, na adhabu yake kila mtu anaijua. Hakunitazama usoni. "Onja," alisema kwa sauti ndogo, nami nikaonja pilau ya hitima ya baba nimesimama kaunta.

Jirani alifunua hotpoti. Siku zote ni uji, leo ni pilau. Hakuuliza kama ustadhi kala. Alikaa chini sakafuni, mfuniko mkononi.

"Dada," alisema baadaye, "ustadhi aliniachia neno?"

Mwisho wa kisa cha khalifa naujua, hata watoto wa madrasa wanaoanza juzuu amma wanaujua. Wa baba siujui. Huenda alitaka kusema nikifa pia nimemsamehe, huenda alitaka kusema pigo moja. Na hata ningejua, ningeenda kumwambia nani, Jamhuri?

"Alisema ule," nilimjibu. Sikuwa na lingine.