8191, Namba Iliyokataa Kugawanywa

Enzi zetu kule Kimulot, hesabu hazikukaa kwenye simu. Zilikaa kichwani. Jioni tukitoka kuchuma majani chai, vidole vyeusi kwa utomvu, kogo, nyanya yetu, alitumwagia punje za mahindi kando ya moto. "Pangeni mistari iliyo sawa." Kumi na mbili zilipangika vizuri. Kumi na tatu zilitutoa jasho. Shuleni tuliambiwa namba kama kumi na tatu ni tasa, hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Kogo hakupenda jina hilo. "Tasa ni tusi," alisema akinimiminia mursik, maziwa yetu ya mgando. "Semeni imekataa kugawanywa."

Nikiwa darasa la saba, mimi na rafiki yangu Akinyi, ambaye babake alifanya kazi kiwanda cha chai, tulipelekwa Chepseon kwa mashindano ya hesabu. Shule yetu haikuwa imewahi kushinda chochote. Swali la mwisho likaandikwa ubaoni: je, 8191 ni tasa?

Wavulana wa shule moja ya bweni waliruka juu chaki ikiwa bado mkononi mwa mwamuzi. "Ni tasa!"

"Kwa nini?"

Wakatazamana. "Inaonekana tu, sir."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwamuzi akatugeukia. Akinyi akaninong'oneza, "Chelagat, angalia 8190." Nikaona! Hiyo inagawanyika kwa mbili, tatu, tano, saba na kumi na tatu. Basi 8191 ukiigawanya kwa yoyote kati ya hizo, lazima ibaki moja. Tasa nyingine tukazijaribu moja moja, Akinyi akiandika, mimi nikitangaza kinachobaki, mpaka themanini na tisa, na kila mara kukabaki kitu. Tukaweka chaki chini.

"Mbona mmeishia hapo?" mwamuzi akauliza.

"Mwalimu," nikasema, "tasa inayofuata ni tisini na saba, na hiyo ukiizidisha kwa yenyewe inapita 8191. Kama ingegawanyika, kigawanyo kimoja kingekuwa kidogo kuliko hapo. Vidogo vyote tumejaribu."

Mwamuzi alivua miwani. "Wavulana wamejibu. Wasichana wamethibitisha. Kikombe kinaenda Kimulot." Kisha akatuonyesha uzuri wa 8191: zidisha mbili kwa mbili, tena na tena, utafika 8192. Toa moja. Tasa za namna hiyo, alisema, ni adimu sana.

Nyumbani, akina mama waliacha vikapu kwenye kituo cha kuuzia majani, wakatupokea kwa vigelegele. Baba, bahili wa sifa, alimwambia kila aliyepita, "Huyu ni wangu."

Siku hizi kompyuta zimepata tasa zenye mamilioni ya tarakimu. Nikimwambia mwanangu tukae tuijaribu kwa mkono hata moja ndogo, ananitazama kama nimemtuma kuni msituni. "Mathe, si simu iko hapa?" Iko, na inajua mengi kutushinda. Lakini Akinyi, sasa mwalimu wa hesabu, hunipigia kila tasa mpya kubwa ikitangazwa, na sisi wanawake wazima tunapiga kelele kama tumeipata wenyewe. Raha hiyo mwanangu bado hajaionja.