Mzima kwa Mkono Mmoja

Mamba alimkamata Mwalimu Oliva mkono wa kulia asubuhi moja akichota maji ziwani, upande wa Lundo. Wavuvi wawili walimpiga mnyama yule kwa makasia mpaka akaachia. Hospitalini mkono ukakatwa chini kidogo ya kiwiko.

Miezi saba alikaa Tingi kwa mama yake, Hildegardi. Mama alimsihi apumzike tu, wadogo zake watamtunza. Oliva hakubishana. Alichukua mkaa akaanza kujifunza kuandika kwa mkono wa kushoto kwenye ukuta wa jiko. Mwanzoni hata jina lake halikusomeka. Ukuta ulipojaa, aliukandika udongo mpya akaanza tena.

Aliporudi kwenye sekondari alikofundisha Kiingereza, alimwamkia mkuu wa shule, Mzee Cuthbert, akampa barua ya daktari. Iliandikwa kwa Kiingereza kwamba amepona, anaweza kufanya kazi. Cuthbert aliisoma, kisha akamsogezea fomu ya kustaafu kwa sababu za afya. Alisema kwa upole kwamba kupona ni kidonda kufunga tu. Mzima ni mtu mwenye viungo vyote. Wanafunzi wangemwonea huruma badala ya kusoma.

Oliva hakugusa kalamu. Alitoa kamusi kubwa kabatini, akafungua penye neno “heal”, kupona, lile alilotumia daktari.

“Soma asili yake, Mkuu. Limetoka kwenye neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya kitu kizima. Ni ndugu wa ‘whole’, yaani zima. Daktari akiandika nimepona, ameandika mimi ni mzima.”

“Kamusi haioteshi mkono, Mwalimu.”

“Sijasema mkono umeota. Miaka tisa unaniuliza asubuhi kama mimi ni mzima, na hujawahi kuhesabu vidole vyangu kwanza. Fomu hii sitii sahihi.”

Akaiacha mezani, akaenda Kidato cha Pili. Darasa zima lilikaza macho kwenye mkono wa blauzi uliofungwa fundo. Aliwaacha watazame mpaka wakatosheka. Kisha akashika chaki, akaandika lile neno ubaoni, limekwenda mshazari. Jacqueline, aliyekaa nyuma kabisa, alisema herufi ni ndogo, haoni. Oliva akafuta, akaandika kubwa zaidi.

Cuthbert alisimama dirishani kipindi kizima akimtazama.

Jumatatu ratiba mpya ilibandikwa. Oliva alikuwa na vipindi ishirini na viwili. Alikwenda moja kwa moja ofisini kulalamika kwamba vya Ijumaa mchana vimezidi.