Mbuzi Wawili kwa Kuvuka Ziwa

Binti yangu Ghati aliolewa na Marwa, fundi seremala wa kwetu aliyehamia Musoma kufuata kazi. Watoto wao wawili wa kwanza walizaliwa huko, na wote wawili hawakulia. Mimi ndiye ninayezalisha wanawake hapa Nyarero. Nusu ya watoto mnaowaona wakichunga ndama wamepita mikononi mwangu. Lakini wajukuu zangu mwenyewe nilisikia habari zao baada ya kuzikwa. Mimba ya tatu ilipokaribia, Ghati alimtuma mume wake aje anichukue. Ilikuwa masika, miaka ya hamsini ikiwa katikati, na mimi nilikuwa sijawahi kuliona ziwa.

Mnakumbuka kwamba niliporudi wazee walitaka nitoe mbuzi mmoja wa kusafisha mwiko, nami nikatoa wawili. Watu wamesema mengi juu ya yule wa pili. Wengine wamesema nimeanza kuzeeka vibaya. Ngoja nieleze safari nilivyokwenda na nilivyorudi, halafu mseme vizuri.

Kwa asiyejua desturi yetu: mama na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai kiti kimoja, hawaitani majina wala hawatazamani usoni. Si chuki. Ni heshima, na mimi naipenda, kwa sababu inapunguza maneno. Kama kuna jambo la lazima, unamtuma mtu. Kama mtu hayupo, unaliambia ua, au kuku, naye mwenzako anasikia.

Nyarero, asubuhi ya kuondoka, Marwa alisimama karibu na zizi akiwa amenipa mgongo. Akaliambia zizi, "Mama akiwa tayari, mimi nipo." Nikaliambia jiko kwamba niko tayari. Akabeba gunia la unga wa ulezi kichwani na kuku mmoja aliyefungwa miguu, akatangulia. Nilifuata kwa mbali kiasi kwamba mtu angepita katikati yetu asijue tuko pamoja. Alipoharakisha mno nililiambia jembe la mtu lililokuwa shambani, "Kuna wengine wana magoti." Mwendo ukapungua. Mkwe wangu ana masikio mazuri, hilo sikatai.

Tarime tulipata lori lililokuwa likipeleka mtama Kinesi. Marwa alikuwa ametaka tupite njia ya Kirumi, tuvuke mto Mara pale kwenye kivuko, tuingie Musoma kwa nchi kavu. Watu wa lori walimcheka. Mto ulikuwa umefurika na kumeza barabara pande zote mbili, na hakuna aliyevuka tangu mvua kubwa. Basi ikabaki ziwa. Mimi nilipewa nafasi mbele kwa dereva, yeye akapanda juu ya magunia. Tope lilitushika mara kadhaa, wanaume wakashuka kusukuma. Nilimwona Marwa kwenye kioo cha dereva, amejaa tope hadi kifuani, nikageuza macho.

Kinesi tulifika jua likiwa limeanza kushuka. Niliona maji yasiyo na mwisho upande mmoja, na upande wa pili mabati ya Musoma yaking'aa ng'ambo ya ghuba, karibu kabisa. Mbali kwenye maji moshi mweusi ulikuwa unapanda. Nikauliza nani anachoma shamba ndani ya ziwa. Mwanamke aliyekuwa akianika dagaa alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Hao ni wadudu, mama. Wanatoka majini wengi hivyo. Huko milimani hamna?"

"Kwetu wadudu wanakaa chini," nikamwambia.

Mwanamke huyo alikuwa mke wa mzee Ouma, Mjaluo mwenye mtumbwi wa mbao wa tanga moja, anayevusha watu. Marwa alimpa Ouma shikamoo, akamweleza haja yetu: mke wake ana siku chache, labda hata hizo hazipo. Ouma alitazama maji, akatikisa kichwa. Mimi nilitazama juu. Hapakuwa na wingu hata moja. Nikamuuliza kama mbingu ni nyeupe hivi, tunasubiri nini.

"Ninyi watu wa ng'ombe mnatazama juu," akasema. "Mimi natazama kule." Akanionyesha ghuba. Maji yote yalikuwa na mistari myeupe, na upepo ulikuwa unatupiga usoni. "Asubuhi na mapema upepo unatoka nchi kavu, mpole, unakusukuma. Jua likipanda unageuka, unatoka ziwani, na hautulii mpaka jioni. Masika ndiyo mbaya zaidi, mvua inaweza kukukuta katikati ukiwa unaona nyumba yako. Kesho tunatoka kabla jua halijachomoza. Ng'ambo mtafika mkiwa wakavu."

Nililala nyumbani kwa mke wa Ouma, Marwa akalala kwingine. Niliogopa, nasema kweli. Si maji niliyoyaogopa usiku ule. Niliogopa kufika na kuambiwa tena kwamba tayari wamezika.

Asubuhi ziwa lilikuwa limelala kabisa. Ouma alikuwa ameshaingiza mtumbwi majini. Akaonyesha katikati, penye ubao mmoja wa kukalia. "Mama hapa, kijana hapa, mzigo miguuni." Ubao ule ulikuwa mfupi kuliko kitanda cha mtoto. Mimi na Marwa tukabaki tumesimama kwenye matope, kila mmoja akitazama upande wake.

"Gunia likae hapo," nikaliambia gunia. "Mimi nitakaa mbele."

"Na mimi nitakaa nyuma," Marwa akaliambia kasia.

Ouma akauliza tunasema na nani. Marwa alipomweleza, mzee akashusha pumzi. "Hata sisi tuna hayo. Mama wa mke wangu nikimwona njiani naingia kichakani. Lakini humu ndani hakuna kichaka. Mkikaa mwishoni huku na huku, mtumbwi unakuwa mzito pua na mkia, hauinuki wimbi likija."

Nikamwambia mimi sijaja kubishana. Naye akasema hajaja kubishana, amekuja kuvusha watu. Tukabishana. Mke wake akatoka akatoa maoni yake, jirani naye akatoa yake. Mwishowe Ouma akachoka, akatuacha tukae tulivyotaka, lakini wakati huo jua lilikuwa limeshatoka na watu wa pale walikuwa wanakunywa uji.

Katikati ya ghuba, upepo mpole aliotuahidi ulikufa. Tanga likaning'inia. Marwa alipiga kasia upande mmoja na Ouma upande wa pili, lakini mtumbwi ulikwenda kwa kuvuta miguu, pua yake ikilamba maji pale nilipokaa mimi. Musoma haikusogea. Niliona ndege weusi wa ziwani wakipita chini chini, wote wakielekea kwenye mawe ya pwani. Ouma naye aliwaona. Akakunja tanga, akalifunga mara mbili, na hata asiyejua ziwa angeelewa.

Halafu upande wa ziwa kubwa maji yakabadilika rangi. Mstari mweusi ulikuwa unakuja juu ya maji, na nyuma yake mvua imesimama kama ukuta wa nyumba. Upepo ulifika kwanza. Wimbi la kwanza tulilipanda nusu. La pili halikupandwa. Pua ilizama ndani yake, maji yakanimwagikia kifuani na kuingia mtumbwini, kuku akaanza kupiga kelele ndani ya maji.

"Mama, toka huko mbele," Ouma akasema. "Na wewe, kijana. Wote katikati, kaeni chini kabisa."

Sikutoka. Nilishika kingo mbili za mtumbwi, nikatazama mbele.

"Mama," akasema tena, kwa sauti ya kuchoka zaidi kuliko ya hasira. "Hapa hakuna mkwe. Hapa kuna uzito."

Nikasikia mtu akitambaa nyuma yangu. Kisha sauti ambayo sikuwahi kusikia ikisema nami moja kwa moja, tangu siku ya mahari: "Mama, nipe mkono."

Niligeuka. Ndiyo, nilimtazama usoni. Ana kovu dogo juu ya jicho, nami sikulijua. Mkono ulikuwa umenyooshwa, mgumu, wenye sugu za randa. Niliwaza wazee, niliwaza jinsi mtakavyosema. Kisha nikamwaza Ghati akilala peke yake na uchungu, na wimbi lingine likija. Nikaushika mkono.

Tulikaa chini katikati ya mtumbwi, magoti yakigusana, maji hadi kiunoni. Kulikuwa na kibuyu kimoja cha kuchotea. Yeye alichota akachoka, akanipa. Mimi nilichota nikachoka, nikamrudishia.

"Chota, baba," nikamwambia. "Usinitazame mimi, tazama maji."

"Natazama maji, mama."

Pua iliinuka. Hilo niliona wazi na sitalikana: mara tu tulipokaa pale, mtumbwi ulianza kupanda mawimbi, moja baada ya jingine, wakati kabla ya hapo ulikuwa unayatoboa. Ouma alikuwa anauelekeza kwenye upepo, akiimba kitu kwa Kijaluo, si kwa furaha. Mvua ilitupiga, ikapita. Nyuma yake upepo ulibaki mkali lakini wa kawaida, nao ukatusukuma hadi Musoma, tukaingia katikati ya mawe. Kuku alikuwa amekufa. Unga ulikuwa umekuwa uji.

Musoma, tuliposhuka, Marwa alitangulia bila gunia wala kuku, mimi nikafuata kwa mbali kama tulivyotoka Nyarero. Nilikuwa natetemeka, naye alikuwa anatetemeka, kila mtu na baridi yake.

Nyumbani kwao tulimkuta Ghati ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Jirani mmoja alikuwa naye, mwanamke mwema, lakini mikono yake ilikuwa inatafuta pa kushika. Aliponiona Ghati hakusema shikamoo. Alisema, "Umelowa."

Sitaeleza mambo ya wanawake kwa kila mtu. Nitasema hili tu: kichwa kilipotoka, kitovu kilikuwa kimezunguka shingo ya mtoto, tena kimekaza. Ni jambo ambalo nimekutana nalo mara nyingi. Unaingiza kidole, unalegeza, unapitisha kichwani, na hufanyi haraka. Asiyelijua anamvuta mtoto, na kwa kumvuta anamkaba. Sijui kama wale wawili wa kwanza walikwenda hivyo. Sikuuliza. Nilipokipitisha, mtoto alikaa kimya kidogo, nami nikamsugua mgongo. Halafu akalia. Alikuwa msichana, mwenye hasira.

Nilikwenda mlangoni. Jua lilikuwa linashuka, na Marwa alikuwa amekaa kwenye mbao zake uani, akiwa amenipa mgongo kama inavyotakiwa. Nilitafuta wa kumtuma, hapakuwa na mtu. Nikatafuta kitu cha kukiambia. Kulikuwa na kisiki. Nilikitazama kile kisiki, nikaona ni upuuzi.

"Marwa," nikasema. "Ni mzima. Umemsikia?"

"Nimemsikia, mama," akasema. Hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nilikaa Musoma hadi mtoto aliponenepa. Nililala kwa jirani, Marwa akila kwake nami nikila kwangu, tukirudi kwenye heshima yetu kama hakuna kilichotokea. Kisha tukakubaliana, kwa kupitia Ghati, kwamba aje Nyarero apumzike na mtoto. Mto Mara ulikuwa bado haujapungua. Ouma alikuja na mtumbwi wake jioni, ili tutoke alfajiri.

Alfajiri ile ghuba ilikuwa tulivu kama maziwa kwenye kibuyu. Safari hii hakuna aliyebishana. Ghati alikaa katikati na mtoto, mimi nikaenda mbele, Marwa akaenda nyuma. Ouma akatutazama.

"Mama mbele tena?"

"Maji yametulia," nikamwambia.

"Yametulia sasa," akasema, akasukuma.

Tulikwenda kidogo. Nikaona pua inainamia maji, vilevile kama siku ile. Hapakuwa na upepo. Hapakuwa na wingu wala mstari mweusi, na ndege walikuwa wanavua kwa raha zao. Hakuna aliyeniamuru kitu. Niligeuka nikamtazama yule mtoto, amelala, mdomo wazi. Nikainuka, nikaenda nikakaa kwenye ule ubao mfupi, kulia kwa Ghati. Kisha nikaliambia gunia la nguo za mtoto lililokuwa miguuni, kwa sauti ya kufika nyuma:

"Na aliye nyuma asogee."

Ouma aliacha kupiga kasia. Ghati akanitazama kama mtu asiyenijua. Ilichukua muda. Halafu nikasikia mbao zikilia, na Marwa akaja akakaa kushoto kwa mke wake. Mtumbwi ukakaa sawa. Tulivuka hivyo hadi Kinesi, watu wanne kwenye ubao wa wawili, na hatukulowa hata unyayo.

Sasa mnajua. Wazee walinidai mbuzi mmoja kwa ule mkono nilioushika siku ya dhoruba, na huyo nimemtoa bila kinyongo, ingawa ni ziwa lililonilazimisha. Siku ya kurudi hakuna aliyenilazimisha, na kama wazee wasingesikia kwangu, wasingesikia kwa mtu mwingine. Yule wa pili nilimchagua mwenyewe zizini, jike jeupe lililonona, na nikimwona huyu mtoto anakimbia na ndama wangu hapa nje, naona nilimtoa kwa bei rahisi.