Nimeenda kuuliza sheria za mtaa, nyumba imeniponyoka

Leo nimejiharibia dili la nyumba kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ile ya Kilosa mjini niliyowaambia, ya mzee anayeishi peke yake. Kabla ya kulipa nikasema ngoja niulizie umoja wa mtaa una masharti gani.

Katibu wao ni mama mtu mzima. Nimemkuta anapeta mchele. Nikampa shikamoo yake, nikauliza.

"Hapa ni kuzikana tu, mwanangu. Usipokuja kwa wenzio, na kwako hatuji."

Mimi na kiherehere changu: kuna aliyewahi kususiwa?

Akaacha kupeta.

"Yupo. Alikuwa mtu wa kazi, misibani haonekani. Mkewe alipofariki, kaburi walichimba wanawe peke yao." Kisha akauliza, "Wewe unataka nyumba ipi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Kumbe anatuhama," akasema taratibu. "Ndiyo huyo niliyekuwa nakwambia."

Akaweka ungo chini, akajifunga khanga, akaelekea kwa yule mzee. Nikamfuata tu, ningefanyaje?

Mlangoni akasema, "Baba Amina, tumekuja kuhani. Tumechelewa sana."

Mzee akashika fremu ya mlango. Akaingia ndani, akaanza kututolea viti.

Habari za kuuza hazikutajwa tena, na mimi sikuthubutu.

Mwenye kiwanja mtaa ule anishtue. Wanasusa, ndiyo. Ila ndio hao nataka wanizike.