Matairi mawili ya mke wa mwanangu

Mke wa mwanangu ni mfupi. Akikaa kwenye usukani bila mto chini yake, mtu aliye nje huona gari linakuja bila dereva. Mto huo kaushona mwenyewe, juu kitambaa cha pazia, ndani pamba ya godoro la zamani, na hakuna anayeruhusiwa kuukalia, hata mumewe. Mtaani wanamwita Breki. Jina alilipata mwaka aliojifunza kuendesha, maana alikuwa akifunga breki kwa kuku, kwa paka, hata kwa gazeti linalopeperushwa na upepo. Siku moja mwalimu wake wa udereva alishuka garini ameshika shingo, akamwambia, dada, gazeti halifi. Yeye akamjibu, nitajuaje kama nyuma ya gazeti hakuna mtoto?

Kwanza sikumtaka. Si siri, yeye mwenyewe anajua, nilimwambia kwa mdomo wangu. Mwanangu alipomleta nyumbani nilimtazama toka juu hadi chini, na macho hayakwenda mbali, nikajisemea huyu ataweza nini. Alikuwa mshona mapazia. Chumba walichopanga kilijaa vitambaa mpaka mwanangu alikuwa anakula amesimama. Kwa miaka sita alishona, na siku moja akaja nyumbani na gari. La abiria saba, kuukuu, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba, lakini gari. Mwanangu ni mpishi wa hospitali, hata baiskeli hajui kuendesha, akashangaa kama sisi wengine. Hakuwa amemwomba mtu hata senti. Kuanzia siku ile nikaanza kumtazama vizuri.

Sasa sikilizeni habari ya matairi.

Kliniki ya sisi wazee, ile ya presha na sukari, iko chini ya mtelemko mkali wenye kona katikati. Kulikuwa na gari la kutupeleka kila Jumanne na Ijumaa. Siku moja kulinyesha manyunyu tu, si mvua ya maana, lile gari likateleza kwenye kona, mkia ukaja mbele, likaingia mtaroni. Mzee mmoja alivunjika paja. Walipolichunguza wakakuta matairi vipara, laini kama chupa. Kliniki ikamwachisha kazi dereva wa gari hilo, ikatangaza kwamba anayetaka kubeba wazee kwa mwaka mzima alete gari likaguliwe kwanza. Walioandika majina walikuwa wengi. La kwanza kwenye orodha lilikuwa la mke wa mwanangu, na ukaguzi ukawekwa Jumatatu asubuhi. Akianguka yeye, anachukua wa pili.

Na hakuwa na pa kurudi. Cherehani yake alishaiuza ili atengeneze breki na ule mlango wa kamba. Kilichobaki ni matairi. Mawili alikuwa amenunua mwaka uliopita, bado mazima. Mawili mengine yalikwisha kabisa. Pesa aliyokuwa nayo ilitosha matairi manne mapya ya bei nafuu, au mawili ya yale mazuri ya bei ghali. Zaidi ya hapo hakuna.

Ijumaa jioni tukakaa mezani kwangu, maana siku hizi wanaishi nami, tukalijadili.

"Nunua manne," mwanangu akasema. "Mkaguzi akiona manne meusi, mapya, hatauliza neno."

"Mkaguzi ataliona gari mara moja. Mimi nitashuka nalo ule mtelemko mwaka mzima," akasema Breki.

Nikaingilia, maana mimi si mtu wa kukaa kimya kwenye meza yangu. "Msikilize mumeo. Gari lenye matairi mawili mapya na mawili ya zamani ni kama mtu aliyevaa kiatu cha harusi mguu mmoja na kandambili mguu wa pili. Watu watatucheka."

"Mama, mtu huyo akiwa kwenye utelezi, wewe utamshika mkono wa upande gani?"

Nikaanza kukusanya sahani. Si kwamba nilikubali.

Jumamosi akaenda dukani kwa muuza matairi. Mimi sikualikwa, niliingia garini nikakaa. Muuzaji ni mtu wa tumbo na kicheko, penseli nyuma ya sikio.

"Karibu bibi, karibu dada. Shemeji yuko wapi tuzungumze naye?"

"Shemeji yako anapika uji wa wagonjwa," akasema Breki. "Zungumza na mimi."

Akatutolea manne ya bei nafuu, akayapanga yamesimama, akayapiga kofi moja moja kama mtu anayesifia ng'ombe. "Haya hapa, mapya, na hewa nakutilia bure."

"Hewa ni ya Mungu," nikamwambia. "Usijifanye umeinunua."

Breki hakucheka. Akainama, akabonyeza mpira kwa kidole gumba, akapitisha ukucha kwenye mifereji. Kisha akamuuliza yule mtu, bila ukali, "Ungekuwa na mama yako kiti cha nyuma, mvua inanyesha, unashuka mtelemko wa kliniki, ungeweka haya?"

Muuzaji akajikuna nyuma ya sikio mpaka penseli ikaanguka. Nitamsifu kwa hilo, hakudanganya. "Kwa safari za sokoni yanatosha," akasema. "Kwa ule mtelemko, siku ya mvua, hapana dada. Yanachelewa kushika."

Akatuonyesha yale mazuri. Kuyaona tu unajua. Mifereji ya kina, mpira wenyewe unashika kidole. Bei yake ilinifanya nitafute pa kukaa. Muuzaji akatuona tulivyotazamana, akapanda ngazi, akashusha mengine manne kutoka rafu ya juu kabisa. Jina lile lile, alama ile ile ubavuni. "Haya nakupunguzia," akasema. "Kwa pesa yako hiyo hiyo unaondoka na manne. Nani kama wewe?"

Manne, mazuri, na meusi. Nilishaanza kuona nyuso za majirani. Nikamwambia mke wa mwanangu, "Toa pesa kabla hajabadili mawazo."

Yeye akapangusa vumbi kwa upindo wa nguo yake, akawasha tochi ya simu, akalizungusha tairi polepole akitafuta kitu. Akakiona. "Mama, njoo unisomee hapa."

Herufi mimi nazisoma kwa kuziokota moja moja, lakini tarakimu hazinishindi. Zilikuwa nne, ndani ya kiboksi kidogo. Nikazisoma. Yeye akaeleza kwamba mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, ndiyo tarehe ya kuzaliwa ya tairi. Tukahesabu. Miaka saba, na mpira ukizeeka hukauka hata ukiwa rafuni.

"Hayajagusa lami hata siku moja," muuzaji akasema. "Tairi si maziwa, dada, kwamba litaganda dukani."

"Maziwa yakiganda nayanywa," akasema Breki. "Hili likiganda, anayekaa nyuma ni huyu hapa." Akaninyooshea kidole.

Sikujua nifurahi au nikasirike. Akalipa pesa yote kwa matairi mawili, yale mapya mazuri, baada ya kusoma tarehe zake pia. Fundi wa duka akapiga jeki, akayaleta mbele ya gari. Breki akamwambia yaende nyuma, na yale ya mwaka uliopita yaje mbele.

"Dada, kila mtu huweka mazuri mbele," fundi akasema. "Mbele ndiko kunakovuta, mbele ndiko kunakogeuka."

"Weka nyuma."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu hasara. Pesa yote imekwenda, na uzuri wenyewe umefichwa nyuma, mbele ndiyo yale yenye rangi ya majivu. Ndivyo nilivyofikiri wakati ule, na nikifikiri jambo silali mpaka nilifanyie kazi.

Jumatatu alipokuwa anaoga nikachukua kopo la rangi ya viatu vya mwanangu na kitambaa, nikatoka uani. Nikayasugua yale mawili ya mbele mpaka yakang'aa kama kiatu cha askari. Nilirudi nyuma hatua tatu kuyatazama nikaona kazi nzuri. Nikaficha kopo, nikanawa, nikaingia garini.

Uwanja wa kliniki ulikuwa na maji ya mvua ya alfajiri. Yule wa pili kwenye orodha alikuwa ameshafika, kaambiwa asubiri nje ya lango na gari lake. Mkaguzi alikuwa mwanamume mkavu, aliyeendesha malori maisha yake yote, anatembea kama bado yuko juu ya lori. Akatazama taa, akavuta mikanda, akafunga na kufungua ule mlango wa nyuma mara nne. Kisha akachuchumaa mbele, akapitisha kidole kwenye tairi. Kidole kikatoka cheusi.

Akasimama. "Nani kapaka tairi hili rangi?"

Breki akatazama kile kidole. Halafu akatazama kucha zangu, na mimi nikazificha, nimechelewa.

"Anayepaka anaficha nyufa," mkaguzi akasema, akafunga daftari lake. "Dada, mambo haya ndiyo yaliyomvunja yule mzee paja. Namwita wa pili aingie."

Angeweza kunitaja. Ningekuwa yeye ningetaja. Yeye akasema, "Gari ni langu, kilichopakwa juu yake ni changu. Nipe ndoo ya maji na sabuni kabla hujamwita."

Hapo sikuvumilia. Mimi ni mkaidi lakini si mwoga. "Ni mimi," nikasema. "Mimi mama mkwe wake. Nilipaka asubuhi kwa rangi ya viatu, yeye hakujua. Nilitaka yapendeze. Kama kuna wa kuandikwa vibaya niandike mimi."

Mkaguzi akanigeukia. "Bibi, umewahi kuona tairi linakwenda harusini?"

"Nimeona mkaguzi anakataa gari kabla halijaoshwa," nikamjibu.

Akaguna, lakini akaagiza ndoo. Breki akapiga magoti kwenye maji yale, na nguo aliyoishona kwa mkono kwa ajili ya siku hiyo, akasugua tairi moja, akasugua la pili. Nilitaka kumsaidia akanikataza kwa mkono. Rangi yote ikatoka, yakabaki na ule ukijivu wake, na ubavuni hakukuwa na ufa hata mmoja. Mkaguzi akatoa kipimo, akakichomeka kwenye mifereji, huku, kule, katikati. Akasoma tarehe. Akaitikia kwa kichwa. Akaenda nyuma, akachuchumaa tena, na huko akakaa muda mrefu zaidi.

"Haya mapya ni ya bei," akasema. "Kwa nini umeyaficha nyuma?"

"Mbele likianza kuteleza nalisikia mkononi, naachia mafuta, linarudi," Breki akasema. "Nyuma likiteleza, ukisikia umeshageuka. Lile gari lililoingia mtaroni lilitanguliza mkia. Na wazee wangu wanakaa nyuma."

Yule mtu wa malori akavua kofia, akaivaa tena. Akasema, "Twende mtelemkoni. Na awepo mtu nyuma, gari likiwa tupu halisemi kweli."

Nikafungua mlango nikaingia kabla hajamaliza.

Tukashuka. Lami ilikuwa inang'aa kwa maji. Breki juu ya mto wake, mikono miwili, hana papara. Tulipofika kwenye kona ile ile mkaguzi akasema ghafla, "Funga." Akafunga. Mwili wangu ulikwenda mbele, mkanda ukaurudisha, na gari likasimama kwenye mstari wake, limenyooka, mkia hata haukutikisika. Nilikuwa nimeshika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili, na nawaambieni, haikuwa hofu.

Tuliporudi uwanjani aliandika karatasi juu ya boneti. Mwaka mzima, Jumanne na Ijumaa. Breki akaisoma yote mpaka chini kabla ya kutia sahihi, kisha akamuuliza haya ya mbele yapimwe tena lini. Mkaguzi akasema baada ya miezi mitatu. Breki akamwambia, andika miwili.

Mkaguzi akaanza kutafuta mtu wa kumtuma langoni. Nikamwambia asihangaike. Nikatembea mwenyewe kwenye maji yale ya uwanja, upindo wa nguo ukilowa, mpaka kwenye dirisha la yule wa pili kwenye orodha, nikagonga kioo. Nikamwambia arudi nyumbani, gari la wazee limeshapatikana, na dereva wake ni mke wa mwanangu.