Bastola ya Kuanzishia Mbio

Kila nikisikia harufu ya mafuta ya cherehani, wivu wangu wa utotoni hunirudia mzimamzima.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa tumerudi kwetu Buhinyuza kutoka ukimbizini Tanzania, na baba alifundisha michezo shuleni. Alikuwa na bastola ndogo ya kuanzishia mbio, ile inayolia tu bila kutoa risasi. Ilikuwa imepakwa nikeli, iking'aa kama kijiko kipya. Baada ya mashindano mdomo wake ulijaa masizi ya baruti, na kuyasafisha ndiyo kazi niliyoitamani kuliko zote. Kazi hiyo baba akampa Sabina.

Sabina alikuwa binti wa shangazi yangu, aliyeletwa kwetu kutoka Nyamugari, Gitega, alikokaa miaka yote ya vita. Waliketi kizingitini, yeye na baba yangu, na mswaki mkuukuu, kitambaa laini na kichupa cha mafuta ya cherehani. "Polepole, mama," baba alimwambia. Mimi hakuwahi kuniita mama. Nilichambua maharage huku roho ikiniuma.

Siku moja, baba na mama wakiwa sokoni, niliitoa bastola sandukuni nikaisugua kwa majivu na mchanga, kama tulivyosugua sufuria. Masizi yakatoka. Nikeli nayo ikatoka, shaba ikachungulia.

Baba aliporudi akauliza ni nani. Nikasema, "Sabina."

Sabina alinitazama kidogo. "Ni mi, mjomba. Unisamehe."

Nikangoja agombezwe. Baba akamwekea kitambaa mkononi. "Basi tuipake mafuta, isizidi kuharibika."

Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia. Hata kosa langu lilikuwa limemsogeza yeye karibu na baba.

Nilikuwa mtu mzima mama aliponieleza. Sabina aliposikia mlio ule mara ya kwanza, alikimbilia chooni akajifungia hadi jioni. Ndipo baba akampa bastola aishike, aifungue, aone mwenyewe kwamba ndani hamna kitu. Mimi mlio huohuo niliupigia makofi.

Nilimpigia simu Sabina, Gitega, nikaungama. Akacheka.

"Mi nilijua we mjomba atakupiga. Mi asingenipiga."

Katika nyumba yetu yote, Sabina alikuwa na uhakika wa jambo hilo moja tu, nami ndilo nililotaka kumnyang'anya.