Nyumba Isiyokaliwa na Mtu

Nyumba ya baba ilikuwa Dunga, juu kidogo ya pale samaki wanapoteremshwa kutoka ziwani. Aliijenga kwa mawe na mabati kutokana na mshahara wake wa bandarini, na miaka ya sitini, majirani wakimcheka, akaikatia bima ya moto. Alilipa kila mwaka bila kukosa, kisha akarudi kifua mbele, utadhani amenunua meli.

Alifariki mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulimzika bomani kwao, mbali na mji, na mama akabaki huko. Kwetu mjane hakulala nje ya boma hadi wazee wamfungue kutoka matangani, na wazee hawakuwa na haraka. Kabla ya kuondoka Dunga mama alifunga mlango kwa kufuli, akautia ufunguo kwenye pindo la leso. Hakutaka mtu yeyote atangulie kulala mle kabla yake. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima, na sote tuliona amefanya vizuri.

Wiki nyingi zikapita, na kiangazi kile watu walikuwa wakichoma mafunjo kando ya ziwa. Upepo ukageuka na nyumba ikateketea yote. Mama aliletewa habari hiyo akiwa bado matangani, na hakuruhusiwa hata kwenda kuitazama.

Alipofunguliwa tulikwenda pamoja kwenye ofisi ya bima mjini. Mimi nilikuwa mwalimu, kwa hiyo nikawa mkalimani wake. Karani alitusomea kifungu: bima haitalipa ikiwa nyumba haikukaliwa na mtu kwa siku thelathini mfululizo.

"Lakini kitanda chake kilikuwa mle," nikasema. "Sufuria zake, nguo za marehemu ukutani. Alikuwa anarudi."

"Mwalimu, vyombo si mtu," akajibu. "Kukaa ni mtu kulala ndani."

Nilitamani kumrushia wino wake usoni. Wakili tuliyempata alishikilia hoja ile ile yangu, kwa maneno ya bei ghali zaidi: mtu hukaa pale anapokusudia kurudi, na mjane aliyefungwa na desturi hajahama. Wakili wa kampuni akasema masharti husomwa yalivyoandikwa. Wakakubaliana msuluhishi aamue.

Kabla ya siku hiyo, jirani yetu wa Dunga, mama wa Kikuyu aliyeuza viazi, alitutembelea katika chumba changu cha mtaa wa Kaloleni, mjini.

"Mama, mimi nitasema nilikuwa nalala huko," akasema. "Nani atajua?"

Nilimtazama mama. Nilitaka akubali, nasema wazi, nilitaka sana.

"Asante, mama," akamjibu taratibu. "Lakini ukisema hivyo, utakuwa umelala kwa kitanda ya mzee wangu kabla mimi sijarudi. Hiyo maneno itafika nyumbani. Wacha tu nyumba iende."

Ikaenda. Msuluhishi alikuwa mtu mpole, akasema anamsikitikia mama, ila kifungu kiko wazi: hakuna aliyelala mle. Mama alinivuta mkono.

"Nyathina, mtoto wangu, muulize. Hao watu waliandika hii kitu, kwao mtu hakufi?"

Niliuliza kwa Kiingereza. Msuluhishi na mawakili wote wawili wakaanza kukusanya karatasi zao.

Mama alihamia kwangu Kaloleni. Nimeishi na huzuni nyingi tangu hapo, lakini ile ya kumwona akikunja godoro lake kila asubuhi na kuliegemeza ukutani, kama mgeni anayejiandaa kuondoka, sijaizoea. Nilimchongea ufunguo wa mlango. Akaufunga kwenye pindo la leso, pamoja na ule wa Dunga, na hakuutumia hata mara moja. Kila aliporudi kutoka soko la Otonglo alisimama nje na kikapu chake, akabisha hodi, akangoja nimkaribishe. Nilimkaribisha hivyo mpaka alipokufa.